Magari ya mfereji: yatandaze sebuleni kabla hujayapanga dukani

MFANYABIASHARA wa mpakani anajua kukagua kitenge kwa vidole na maharage kwa meno. Kwa boksi la vitu vya umeme mambo ni tofauti. Picha ya nje inang'aa, plastiki imefungwa vizuri, na kasoro haionekani mpaka mteja arudi dukani na risiti mkononi.

Mojawapo ya bidhaa za namna hiyo ni seti ya magari ya mbio ya mezani: magari madogo ya umeme yanayokimbia juu ya barabara ya plastiki, kila moja likiongozwa na mfereji mwembamba uliopita katikati ya njia yake. Kwa kuwa hayana jina moja lililozoeleka katika Kiswahili, makala haya yatayaita magari ya mfereji.

Anayefikiria kuyaleta kutoka Dubai, Guangzhou au Ulaya kwa ajili ya sikukuu za mwisho wa mwaka apewe ushauri mmoja. Asianze na maboksi hamsini. Anunue moja, la mfumo wa analojia, alitandaze nyumbani na kulikimbiza pamoja na watoto kwa wiki mbili. Katika wiki hizo atajua voltaji, plagi, vipuri na maswali ya wateja kuliko atakavyojua kwa kusoma orodha ya bei. Na hata akiamua kutoyauza, familia itakuwa imepata mchezo.

Yalikotoka

Mchezo huu ulikua Uingereza mikononi mwa Fred Francis, fundi na mmiliki wa kampuni ya Minimodels. Kampuni hiyo ilikuwa ikitengeneza magari ya bati yanayoendeshwa kwa springi, yaliyoitwa Scalex. Gari la springi likishaachiwa, mtoto hana la kufanya ila kulitazama. Francis akaliwekea mota ya umeme, akatengeneza barabara ya mpira yenye mifereji, na mwanzoni mwa 1957 akaonyesha kazi yake kwenye maonyesho ya vitu vya kuchezea mjini Harrogate. Jina likawa Scalextric. Mwaka uliofuata aliiuza biashara hiyo kwa kampuni kubwa zaidi ya Lines Bros, na siku hizi jina hilo liko chini ya kampuni ya Hornby ya Uingereza.

Marekani nayo ilikuwa na magari madogo zaidi ya Aurora tangu 1960, na Ujerumani ikaanza kutengeneza Carrera mwaka 1963. Majina hayo yana maana kwa mnunuzi, kwa sababu barabara ya kampuni moja kwa kawaida haiungani na ya nyingine bila kipande maalumu. Ukichanganya mzigo, umechanganya matatizo.

Kwetu mbio za magari si jambo geni. Mashindano ya Safari Rally yalipoanza mwaka 1953 yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, miongo mingi kabla ya kuwepo kwa vituo vya pamoja vya mpakani tunavyovitumia leo. Yalirudi kwenye ratiba ya mashindano ya dunia mwaka 2021, yakifanyika Naivasha. Uganda ina Pearl of Africa Rally, na Rwanda ina Mountain Gorilla Rally. Mtoto wa Kampala au Nakuru anayeijua Subaru Impreza kwa mlio wake tu hahitaji kuelezwa kwa nini gari dogo la umbo hilo, ambalo Scalextric wamelitengeneza kwa miaka kadhaa, linapendeza.

Analojia ni nini hapa

Neno analojia wengi walilisikia wakati mitambo ya televisheni ilipozimwa, Dar es Salaam ikianza mwisho wa mwaka 2012. Hapo lilimaanisha teknolojia iliyopitwa na wakati. Kwenye magari ya mfereji maana yake ni nyingine, na si aibu.

Katika mfumo wa analojia, kila njia ni mzunguko wake wa umeme. Pembeni mwa mfereji kuna mikanda miwili ya chuma, mmoja kila upande. Chini ya pua ya gari kuna ulimi wa plastiki unaoingia mferejini, na pembeni mwa ulimi huo kuna vishungi viwili vya nyuzi za shaba vinavyosugua ile mikanda. Umeme wa DC unapita kwenye mkanda mmoja, unaingia kwenye kishungi, unazungusha mota na kurudi kwa mkanda wa pili. Hakuna betri wala kifaa cha mawasiliano ndani ya gari.

Mchezaji anashika kidhibiti chenye waya. Ndani yake, katika seti nyingi, kuna kikinzani: ukibonyeza kidogo, umeme hupita kwa shida na gari hutambaa, ukibonyeza mpaka mwisho, njia yote inapata voltaji kamili na gari linaruka. Ukiachia, linapunguza mwendo. Kwa hiyo mchezaji haliamrishi gari, anaamrisha njia. Gari lolote utakaloliweka kwenye njia hiyo litatii mkono huo huo.

Mfumo wa dijitali ni tofauti. Barabara ina umeme muda wote, kila gari lina kifaa cha kupokea amri, na magari kadhaa yanaweza kushindana na kubadilishana njia. Unavutia, lakini ni ghali zaidi na kifaa kikiungua si kila fundi atakitengeneza. Zaidi ya hapo, gari la analojia likiwekwa kwenye barabara iliyowashwa kidijitali linaweza kuungua mota. Wanaouza mifumo yote miwili katika rafu moja bila kumweleza mteja wanatengeneza malalamiko yao wenyewe.

Hapa ndipo analojia inapotufaa. Mota ni ile ndogo ya DC ambayo fundi wa redio anaifahamu. Waya uliokatika hurudishwa kwa risasi. Vishungi vilivyokwisha hubadilishwa kwa dakika chache. Bidhaa ambayo fundi wa mtaani anaweza kuifufua hudumu sokoni, maana mteja hurudi kununua gari la pili badala ya kurudi kudai pesa.

Kutandaza barabara

Mahali pa kwanza watu wanapotandaza barabara hii ni sakafuni, na sakafu ndiyo adui. Manyoya ya zulia hujizungusha kwenye ekseli na gia, vumbi hukaa kwenye mikanda, na mtu atakanyaga kipande. Tafuta meza au ubao.

Karatasi moja ya plaiwudi ya futi nane kwa nne, yaani takriban sentimita 244 kwa 122, inatosha. Iweke juu ya meza mbili zilizolingana kimo. Ikiwa nyumba ni ndogo, fundi seremala anaweza kuifunga bawaba ukutani, ikainuliwa mchezo ukiisha.

Tuchukue mfano wa barabara ya Scalextric ya magari ya kipimo cha 1:32, ambapo gari halisi la mita 4.2 linakuwa na urefu wa sentimita 13 hivi. Kipande kilichonyooka cha kawaida kina sentimita 35. Kona za kawaida zinazokuja na seti nyingi, zinazoitwa R2, ziko nane kwa duara zima, na duara hilo lina upana wa sentimita 74. Gawa duara hilo nusu mbili, tia vipande viwili vilivyonyooka kila upande, unapata yai lenye urefu wa sentimita 144. Tia vinne kila upande, urefu unakuwa sentimita 214, na bado plaiwudi yako ina nafasi pembeni.

Yai ni rahisi lakini lina dhuluma ndani yake. Mifereji miwili imeachana kwa milimita 78. Ukipiga hesabu ya duara, njia ya nje inakuwa ndefu kuliko ya ndani kwa karibu nusu mita kila mzunguko, na katika mizunguko ishirini hiyo ni takriban mita kumi. Njia ya ndani nayo ina kona kali zaidi, kwa hiyo dhuluma haiendi upande mmoja tu. Dawa ni mbili. Ya kwanza ni kubadilishana njia nusu ya mbio. Ya pili ni kujenga namba nane, kwa kipande cha makutano au daraja, ambapo kona za kushoto zinalingana na za kulia na njia zote mbili zinakuwa na urefu sawa. Tahadhari: kwenye makutano yasiyo na daraja magari hugongana, jambo ambalo watoto wanalipenda na wazazi hawalipendi.

Ukipanga, weka sehemu ndefu iliyonyooka mbele ya wachezaji, na usiiishie kwenye kona kali kuliko zote. Kila mchezaji aone barabara nzima bila kuchungulia. Vipande vikiungana, pitisha kidole juu ya kila kiungo. Mkanda uliosimama juu kidogo hukata vishungi, na kiungo kilicholegea hupoteza umeme.

Umeme: palipo na faida na hatari

Seti nyingi za analojia hutumia kati ya volti 12 na 15 za DC kwenye barabara. Umeme huo mdogo haumrushi mtoto. Hatari iko kwenye adapta inayoushusha kutoka ukutani.

Nchi zetu zinatumia volti 220 hadi 240. Marekani wanatumia 120. Adapta iliyotengenezwa kwa soko la Marekani pekee, ikichomekwa Arusha au Kigali, huungua, na inaweza kuwasha moto. Soma maandishi madogo mgongoni mwa adapta kabla ya kulipa. Yakisema 100–240V, unaweza kuvuka nayo popote. Yakisema 120V tu, usiiguse.

Kisha angalia miguu ya plagi. Kenya, Uganda na Tanzania zinatumia zaidi plagi ya miguu mitatu ya bapa, sawa na ya Uingereza na ya Dubai. Rwanda, Burundi na Kongo zinatumia zaidi miguu ya duara ya Ulaya. Mzigo ulionunuliwa Dubai utamfaa mteja wa Mwanza bila nyongeza, lakini wa Bujumbura atahitaji kigeuzi, na kigeuzi hafifu ndicho kinachoyeyuka. Weka gharama ya kigeuzi kizuri kwenye hesabu yako, au agiza adapta ya soko husika.

Kwa kuwa barabara ya analojia inakula DC, inaweza pia kuendeshwa kwa betri ya volti 12, ile ya pikipiki au ya sola. Umeme ukikatika Jumamosi jioni, mbio zinaendelea. Kwenye seti ya volti 15 magari yatakuwa mapole kidogo, jambo linalowafaa wanaoanza. Lakini betri ya aina hiyo ina nguvu nyingi ajabu: waya zikigusana bila kinga, zinawaka. Fundi aweke fyuzi ndogo kwa kila njia, karibu na betri, kabla ya mtoto yeyote kukaribia. Asiyeweza kuweka fyuzi asijaribu.

Ukirefusha barabara, utaona gari linachoka upande wa mbali na kupata nguvu likirudi karibu na adapta. Kila kiungo kinakula umeme kidogo. Chukua waya, unganisha mikanda ya upande wa karibu na ile ile ya upande wa mbali, kila njia na waya zake, bila kuvuka. Fundi mwenye mita atapima voltaji pande zote mbili na kukuambia kama imelingana. Dalili nyingine ni hii: mwenzako akitoka barabarani na gari lako likaruka ghafla, basi njia zote mbili zinagombania adapta moja dhaifu. Wanaocheza kwa dhati huipa kila njia adapta yake.

Kuendesha na kushindana

Anayeanza hubonyeza mpaka mwisho na gari lake huruka mezani kwenye kona ya kwanza. Hakuna mchezo unaofundisha methali ya haraka haraka kwa ukali huu. Siri ni kuachia kabla ya kona, kuingia polepole, kisha kubonyeza taratibu gari linapoanza kunyooka.

Magari mengi ya kisasa yana sumaku chini ya tumbo inayovuta mikanda ya chuma na kulishikilia gari barabarani. Waachie watoto sumaku hiyo. Wakishazoea, iondoe kwenye baadhi ya magari: mkia utaanza kuteleza kwenye kona, na mchezo utageuka kuwa wa ufundi.

Weka sheria chache na uziandike. Mbio ni mizunguko ishirini. Katikati, kila mtu anahamia njia nyingine. Gari likitoka, halirudishwi na dereva bali na mtu aliyewekwa kwa kazi hiyo, na linarudishwa pale lilipotokea. Muda wa simu unatosha kupima. Daftari la muda bora wa kila mmoja litawarudisha watoto mezani kesho yake.

Matunzo

Kabla ya kila mbio, futa mikanda kwa kitambaa kikavu. Pwani, kuanzia Mombasa mpaka Mtwara na visiwani, unyevu wa chumvi huleta kutu kwenye mikanda, kwa hiyo pitisha kitambaa chenye mafuta mepesi kabla ya kufunga vipande kwenye boksi, na uyafute tena kabla ya kucheza. Bara, adui ni vumbi. Tairi zikipoteza mshiko, zizungushe juu ya kitambaa chenye maji kidogo. Zikiwa hazijalingana, zisugue taratibu kwenye msasa laini. Tone moja la mafuta kwenye ekseli na gia latosha. Mafuta yakimwagika kwenye tairi au vishungi, umejitafutia kazi.

Vishungi ndivyo vinavyokwisha kwanza. Vikijikunja au kuchakaa, gari linakwenda kwa kukatika katika, na mteja asiyejua atasema limekufa. Muuzaji aliyelitandaza nyumbani atavikunjua kwa ukucha, gari litaondoka, na mteja atamwamini siku zote.

Sasa rudi kwenye hesabu

Baada ya wiki mbili utakuwa na orodha yako: nini kilivunjika, nini kilipotea, nini watoto waliomba kuongezewa. Orodha hiyo ndiyo oda yako. Usiagize maboksi peke yake. Agiza vishungi, tairi, vidhibiti, kona na vipande vilivyonyooka vya ziada, magari ya peke yake na adapta za akiba, vyote vya kampuni moja na mfumo mmoja.

Forodhani, usidhani kila kitu cha kuchezea kina namba moja. Kwa maelezo ya mfumo wa kimataifa wa kupanga bidhaa, seti za magari ya umeme ya mbio zenye sura ya mashindano zinaangukia kichwa cha 95.04 pamoja na michezo ya mezani, na si 95.03 cha vitu vya kuchezea kwa jumla. Mwambie wakala wako hivyo mapema, na umwonyeshe picha ya boksi. Viwango vya ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki vimegawanywa katika 0, 10, 25 na 35 kwa mia tangu Julai 2022, na serikali huomba mabadiliko kwa bidhaa mbalimbali kila mwaka wa bajeti. Kwa hiyo ulizia kiwango cha mwaka huo na cha nchi unakoingizia.

Jambo lingine linalowaponza wengi ni cheti kilichorahisishwa cha uasili wa bidhaa. Kinamfaa mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, lakini wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa. Magari ya mfereji yaliyotengenezwa China hayageuki kuwa ya Afrika Mashariki kwa kununuliwa Kariakoo au Gikomba. Ukiyavusha kutoka nchi moja kwenda nyingine, beba nyaraka za ushuru uliolipwa na ankara ya ununuzi, na uulize kituoni kabla ya siku ya safari. Mashirika ya viwango ya nchi zetu nayo yana masharti yake kwa bidhaa za umeme na za watoto, na mzigo uliozuiwa Desemba huachiwa Januari, wakati mteja ameshanunua kingine.

Gharama zote hizo zikishajumlishwa, gawa kwa idadi ya maboksi ndipo upange bei. Waliozoea biashara wanajua kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Kwa bidhaa hii, daftari linaanza kwenye plaiwudi ya sebuleni, pale mtoto wako anapolalamika kwamba gari lake limesimama na wewe unainama kutazama kama ni kishungi, kiungo au waya.